Tisa na Nusu kwa Moja

Shemeji yangu alipoleta gari lake gereji kwangu, watu wote wa Katoro walilisikia kabla ya kuliona. Nasema wote, ila mimi simo. Mimi niliona tu wenzangu kwenye benchi wakigeuza shingo kuelekea barabara ya Ushirombo, nikageuza na ya kwangu. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu: watu wakigeuka nageuka, wakicheka nacheka. Hata sasa ninapoandika, uso unanichoma kwa aibu.

Mimi ni fundi wa injini. Ujana wangu niliumalizia Nyarugusu kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ambazo kwetu ziliendeshwa na injini za dizeli zisizo na hata bomba la kupunguza kelele. Injini kadhaa zilinguruma pamoja chini ya paa moja la bati, na mimi katikati na bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Niliweza kusema kwamba beringi ya injini ile ya pembeni imeanza kuliwa, na wakifungua wanaikuta imeliwa kweli. Wachimbaji wakaanza kuniita fundi mwenye sikio. Nilipohamia Katoro na kufungua gereji, jina lilinitangulia. Mafundi wengine walikuwa na mashine za kuchomeka kwenye gari zikasoma ugonjwa. Mimi nilisogea, nikainamisha kichwa, nikasema, na mteja akalipa. Nilivimba kichwa kwa ajili ya sikio lile, sikatai.

Sijui liliondoka lini. Halikuondoka kwa kishindo. Kwanza niliona mbu wamepungua. Nilimwambia mke wangu kabisa, nikiwa na furaha zangu, kwamba mwaka huu dawa imepulizwa vizuri, mbu hakuna tena. Alinitazama, akaendelea kuchomeka neti chini ya godoro. Baadaye simu yangu ikawa inaita mfukoni, mpaka watu wa meza ya jirani wananiashiria. Sauti nzito nilizisikia vizuri: lori, ng'ombe, mhubiri na spika yake. Zilizonipotea ni zile nyembamba. Na kwa bahati yangu mbaya, injini ya petroli inapoumia hulia kwa sauti nyembamba.

Ningeweza kusema. Mtu akipondwa mguu duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, watu humwonea huruma, wanamchangia, wanambeba. Kiziwi anachekwa. Najua kwa sababu nimecheka. Kule Nyarugusu tulikuwa na mzee wa karasha ambaye masikio yalikuwa yamekwisha. Asubuhi tulimpitia mmoja mmoja tukimchezeshea midomo ya shikamoo bila kutoa sauti, ili tumwone anavyoitikia marahaba kwa heshima zake zote. Sasa mtu aliponisalimia mimi nilimkazia macho mdomoni, nikajiuliza kama sauti imetoka au haikutoka. Niliitikia tu.

Kwa hiyo nilificha. Bisibisi niliihamisha kutoka sikioni nikaibana kwa meno, maana mtetemo wa injini unapanda kwenye taya na bado niliweza kuutambua kidogo. Mtu alipouliza, nilimwambia kwamba meno ni sahihi kuliko sikio, ni ujuzi wa watu wa makarasha. Nilisema kwa ukali, kama mtu anayekerwa na swali la kijinga. Matokeo yake, mpaka leo ukipita gereji za Katoro utaona mafundi wazima, wenye masikio yao mazuri mawili, wameinama juu ya injini wanauma bisibisi. Wameiga kwangu. Kila nikiwaona natamani nijifiche uvunguni mwa lori.

Shemeji yangu ni mdogo wa mke wangu wa kuzaliwa tumbo moja. Ana hisa kwenye duara moja Nyarugusu, na duara hilo lilikuwa limetema dhahabu. Mwingine angenunua ng'ombe. Yeye alinunua gari la Kijapani la rangi ya fedha, la zamani kidogo, injini ya silinda sita, lile ambalo bado unaweza kuzungusha distribyuta kwa mkono ukarekebisha muda wa cheche. Kisha akaagiza mtungi wa buluu wa gesi ya nitrasi, ambayo vijana wanaiita nosi. Kulikuwa na wenye magari waliokuwa wakikutana Shinyanga, kwenye kipande cha barabara mpya kilichokuwa hakijafunguliwa, wakishindana wawili wawili kwa ruhusa ya wakandarasi. Alitaka kwenda kuwaonyesha.

Mimi naye ni watani wakubwa. Siku ile aliteremka, akawasalimia watu wa benchi mwangaluka kwa sauti ya juu, akaniambia mimi mzee wa dizeli nioshe mikono kwanza kabla sijagusa gari la watu. Nikamwambia gari lenyewe linafaa kubebea mihogo. Mke wangu, ambaye huuza chakula kwenye kibanda kilichopakana na gereji, alikuwa amesimama na mwiko mkononi anatutazama. Hakucheka. Nilifikiri ana uchovu.

Alichotaka shemeji ni kupandisha kompresheni. Kwa asiyejua injini, jambo lenyewe si kubwa. Ndani ya silinda, pistoni inapopanda huubana mchanganyiko wa hewa na petroli kabla plagi haijapiga cheche. Chukua nafasi yote iliyopo pistoni ikiwa chini, igawe kwa ile inayobaki ikiwa juu, utapata namba. Injini ile ilitoka kiwandani na kumi kwa moja. Ukichonga silinda hedi, yaani kifuniko cha silinda, na kuweka gasketi nyembamba chini yake, namba inapanda na injini inakuwa kali. Ukiweka gasketi nene, namba inashuka na injini inapoa ukali. Ukibana kupita kiasi, petroli haisubiri plagi. Inalipuka yenyewe mapema, na pistoni inapigwa nyundo ikiwa bado inapanda. Hapo ndipo injini inapotoa ule mlio mwembamba, kama changarawe kwenye kopo. Fundi mwenye masikio anaachia mguu mara moja. Asiye nayo anaendelea kukanyaga mpaka pistoni inatoboka.

Shemeji alitaka kumi na moja na nusu. Alikuwa ameona kwenye simu magari ya watu wa mbali. Mimi nikasema tisa na nusu.

Benchi zima liliguna. Kutoka kumi kwenda chini, kwa gari la mashindano? Fundi wa umeme wa magari, jirani yangu wa miaka mingi na mtu ninayemheshimu, alisema kwa upole kwamba huku kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi kuliko pwani, kwa hiyo injini hujaza hewa kidogo na hubana kwa unafuu. Alikuwa na haki. Ndiyo sababu mafundi wa kanda hii wanachonga hedi wanavyotaka na hakuna kinachotokea, kisha gari hilohilo likishushwa Dar es Salaam linaanza kulia.

Nikasimama. Nakumbuka nilifuta mikono kwanza, taratibu, kama mchungaji anayefungua kitabu. Nikawaambia hayo yote ni kweli kwa injini inayovuta hewa ya Katoro. Hii haitavuta hewa ya Katoro peke yake, itapewa nyingine kutoka mtungini, na mtungi haujui kama uko Katoro au Tanga. Gesi ikiachia oksijeni yake, ule unafuu wa mwinuko tunaoutegemea sote unatoweka kwa mpigo mmoja. Petroli yetu ni ileile ya kila siku, haina uvumilivu wa kubanwa hivyo. Anayetumia mtungi anatakiwa achague: ama abane injini na aweke gesi kidogo, ama alegeze injini na aipe gesi kwa nafasi. Kwa mtu atakayefungua mtungi kila akikanyaga, tisa na nusu ndiyo namba. Bila gesi gari litakuwa zito kidogo, nikakiri, lakini hakuna anayekwenda Shinyanga kulitazama bila gesi.

Nilisema vizuri. Sijawahi kusema vizuri namna ile kuhusu injini, na kila neno lilikuwa la kweli. Fundi wa umeme alifikiri kidogo, akasema amekubali. Shemeji alijikuna kichwa, akatania kwamba nimezeeka na woga umeniingia, kisha naye akakubali. Wakasema, mwenye sikio amesema.

Lakini haikuwa sababu yangu. Kumi na moja na nusu ni namba ya fundi anayesikia. Unaipeleka injini mpaka ukingoni, unasikiliza, unairudisha nyuma kidogo. Mimi ukingo ulipo sikuujua tena. Nilichagua tisa na nusu kama mtu asiyeona vizuri anavyochagua kutembea mbali na kisima, halafu nikasimama mbele za watu nikatoa hotuba ya mwinuko wa nchi. Usiku wangu wote wa kwanza baada ya mabishano yale nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, na furaha ilizidi. Nilijiona nimeshinda.

Kazi niliifanya kwa mikono safi, hilo najisifu. Nilinunua bomba kubwa la sindano kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji akaniuliza ng'ombe ana nini, nikamwambia ana nosi. Kwa bomba lile nilijaza mafuta mepesi kwenye kila chumba cha silinda hedi, nikifunika kwa kipande cha plastiki ngumu, mpaka nikajua ujazo wa kila kimoja. Nilisawazisha vilivyotofautiana. Nikaagiza gasketi nene ya chuma kutoka Mwanza. Nilipofunga injini ilikuwa tisa na nusu kweli, si tisa na nusu ya mdomoni. Macho na vidole havikuwa vimeniacha.

Kilichobaki ni muda wa cheche. Ukiweka gesi lazima uirudishe nyuma cheche, ipige kwa kuchelewa kidogo, na kiasi gani, hapo ndipo watu husikiliza. Mimi nilikadiria. Nikamwambia shemeji twende tukalijaribu.

Tulikwenda asubuhi, nje ya mji, mahali barabara imenyooka na lori linaonekana likiwa bado mbali. Yeye usukani, mimi pembeni. Tulikubaliana kwamba atakanyaga na kufungua gesi, na mimi nikisikia injini inalia nitainua mkono, naye ataachia papo hapo. Nilifumba macho kama mtu anayesikiliza kwa makini. Alikanyaga. Gari lilitupiga mgongoni, nikasikia ngurumo nzito nzuri ikipanda, nikawa naona fahari. Mkono wangu ulikuwa umetulia juu ya goti.

Akaachia ghafla. Nikafumbua macho.

"Mbuzi," alisema.

Huku kwetu mbuzi barabarani si habari, hata kidogo. Tukageuza, tukajaribu tena. Ngurumo ikapanda, nikafumba macho, akaachia. Mbuzi tena, alisema, wamekimbilia kichakani. Nikatazama kichaka. Kulikuwa na mawe, majani makavu, na mama mmoja mbali anachota maji. Mara ya tatu sikufumba macho. Nilitazama barabara tangu mwanzo mpaka alipoachia, na barabara ilikuwa nyeupe, hapakuwa na mbuzi, kuku wala mtu.

Nikamuuliza, "Mbuzi gani, shemeji?"

Aliliweka gari kando, akazima injini. Kisha akafanya jambo ambalo liliniambia kila kitu kabla hajafungua mdomo: aligeuka kwenye kiti mpaka uso wake wote ukanielekea, akahakikisha namwona midomo.

"Shemeji, injini inalia," alisema polepole. "Tangu mara ya kwanza inalia."

Hapo ningeweza bado kuokoa kitu. Badala yake nilimwambia nimesikia, ile ni valvu, hazijakaa vizuri, ni kawaida. Nilisema kwa ule ukali wangu wa siku zote. Hakunibishia. Alitazama usukani, akipitisha kidole juu yake, na niliona shingo yake imeingiwa na aibu, aibu yangu mimi, ameibeba yeye.

"Dada aliniambia," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na gari la nosi juu yangu. Akanieleza kidogokidogo, nami nikimkazia macho. Dada yake alimpigia simu kabla hajaleta gari. Alimwomba kwamba namba yoyote nitakayotaja aikubali, asinibishie sana mbele za watu, na siku ya kulijaribu atumie masikio yake mwenyewe. Nikamuuliza kuhusu fundi wa umeme. Akasema fundi wa umeme ndiye aliyemweleza dada yake, zamani sana. Nikamuuliza kuhusu watu wa benchi. Akainamisha macho.

Basi ile hotuba yangu ya hewa na mtungi ilikuwa imewakuta watu wameshakubaliana kunikubalia. Niliposimama na kufuta mikono walikuwa wanamtazama mgonjwa anayejikaza. Fundi wa umeme hakushindwa kwa hoja. Alikuwa ameleta ubishi kidogo ili nisishtuke, akauondoa. Shemeji aliendelea kusema, akitaka kunipoza, kwamba lakini nilikuwa sahihi, kwamba mlio wenyewe ni mwepesi kwa sababu ya ile namba ndogo, na kama angelazimisha kumi na moja na nusu, pistoni zingetoboka pale pale na tungerudi Katoro kwa miguu. Nadhani ni kweli. Maishani sijawahi kuwa sahihi nikaumia hivyo.

Alirudi akiendesha polepole kama amebeba mayai. Hakunitania njia nzima. Hakuniita mzee wa dizeli, hakuniuliza kama naogopa mwendo kama bibi kizee. Tulipofika alizunguka haraka akanifungulia mlango, na akaniambia, karibu sana na uso wangu, kwamba tumefika. Niliona mwenyewe kwamba tumefika. Ningempiga kofi kama nisingekuwa nimenywea kiasi kile.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mke wangu. Chakula cha mchana kilikuwa bado jikoni, anapepeta mchele. Nikamuuliza kwa nini amenitangaza. Nilimwambia mengi: kwamba mtu hawezi kulala na adui yake, kwamba angeniambia mimi kwanza, kwamba sasa nani ataleta gari kwa fundi kiziwi, na sisi tutakula nini. Neno lile nililitamka mwenyewe kwa mara ya kwanza, na yeye ndiye aliyelengwa nalo, kana kwamba ni yeye aliyenifanya kuwa hivyo.

Aliweka ungo chini. Akaja mbele yangu, mahali ambapo namwona vizuri.

"Sikukutangaza, Baba. Nilikuwa nakufunika."

Na hapo ndipo nilipoyaona mambo yote yaliyokuwa yakifanyika mbele ya macho yangu. Mteja akija na kueleza shida ya gari lake huku ameinama au ameangalia pembeni, mke wangu alikuwa na tabia ya kupaza sauti kutoka kwenye kibanda: kumbe linatetemeka ukifunga breki? Kumbe linazima likipata moto? Mimi nilimwona mmbea. Niliwahi kumkaripia mbele ya wateja na mbele ya watu wake wa chakula, nikamwambia auze wali, mambo ya injini ayaache kwa wanaume. Alichukua sufuria yake akaingia ndani. Sasa aliniambia kwamba baada ya karipio lile aliacha kweli, na kabla wiki haijaisha nikashusha giaboksi ya mtu aliyekuwa amelalamikia breki. Ndipo akarudi kupaza sauti, nimkaripie nisimkaripie.

Ile giaboksi naikumbuka. Nilimlaumu mwenye gari kwamba hajui kujieleza.

Nilikaa kwenye mfuko wa mkaa wa mke wangu, yeye akaendelea kupepeta mchele, maana watu wangekuja kula. Aibu ya kutosikia niliizoea, naifahamu, nimeishi nayo. Hii ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimejihesabu kuwa mtu anayebeba siri yake peke yake, mtu mgumu, kumbe siri yenyewe nilikuwa nimebebewa na watu wote, na aliyeshika upande mzito ndiye niliyemtukana.

Gari tulilimaliza baada ya siku chache. Shemeji na fundi wa umeme walikaa ndani wakisikiliza, mimi nikazungusha distribyuta kwa mkono huku namtazama shemeji kidole: akikishusha narudisha nyuma, akikisimamisha naacha. Mimi ni fundi mkuu wa gereji ile, na nilifanya kazi nikitazama kidole cha muuza dhahabu. Cheche ilipokaa sawa alinionyesha dole gumba, nikafunga nati. Lilikwenda Shinyanga, likashindana, likarudi na injini yake nzima. Alinipigia simu kunishukuru, wabeja sana, wabeja sana, kwa kelele mpaka nikaisogeza simu mbali. Nadhani hata hakunitania. Mimi sikwenda kutazama.

Watu wa benchi hawakusema neno. Walijua kwamba nimejua, maana Katoro habari haina adabu, lakini waliendelea vilevile: wakigeuka, mmoja ananigusa kiwiko kidogo, wakicheka, mmoja anarudia mzaha akiwa amenielekea. Zamani nilidhani ndivyo walivyo, watu wa kugusana na kurudia rudia. Sasa kila mguso niliuhesabu, na kila mguso ulinichoma. Kuna siku nilitamani wanichezeshee midomo bila sauti, nicheke nao, yaishe. Hawakufanya hivyo. Ni watu wazuri kuliko nilivyokuwa mimi.

Kisha akaja mgeni mmoja kutoka upande wa Mwadui, mtu wa makamo, gari lake zuri limetunzwa. Aliteremka, akasalimia, akasema ametumwa na mtu: anamtafuta fundi mwenye sikio. Gari lake lina kamlio akipanda mlima, amekwenda kwenye gereji mbili, wameshindwa kujua ni nini. Akafungua boneti. Injini ikawa inaunguruma, nami nikaona mshipa wa shingo yake ukitulia, kama mtu aliyefika kwa daktari.

Benchi lilinyamaza. Hilo halihitaji sikio, unaliona. Mke wangu alitoka kibandani na sufuria mkononi, akasimama pale ambapo ningeweza kuona midomo yake. Fundi wa umeme alikuwa amekwisha kuinuka nusu, tayari kusogea karibu na injini kana kwamba ana shughuli zake pale. Wote walikuwa wamejipanga. Ningeinama tu, nikatikisa kichwa, na jibu lingenifikia kwa njia zake, nikalisema mimi.

Niliangalia ile injini. Kisha nikamwambia yule mgeni kwamba mimi sisikii, nimekuwa kiziwi wa sauti ndogo, na mlio wa gari lake atausikiliza mwenzangu yule pale. Akishauelewa, mikono yangu itafanya kazi.

Mgeni alicheka sana, akanipiga bega, akidhani namtania. Nikageuka kutazama benchi. Hakuna aliyecheka, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa.